Mishikaki ya Kuku ya Kuchoma Nyumbani: Namna ya Kuiivisha Bila Kuikausha

Watu wengi wanaoanza kuchoma mishikaki ya kuku nyumbani hutumia kanuni walizozizoea katika mishikaki ya ng'ombe: nyama hulowekwa usiku kucha katika ndimu na papai bichi, kisha hupelekwa juu ya makaa makali mpaka kingo zake zipige weusi. Kanuni hizo zina sababu zake kwa ng'ombe, kwa maana nyama yake, hasa ya ng'ombe aliyekua akitembea malishoni siku nzima, huwa ngumu na inahitaji kulainishwa. Kuku wa kisasa wa nyama, ambaye kwa kawaida huchinjwa akiwa na umri wa wiki tano hadi saba, ana nyama laini tangu mwanzo. Kinachoharibu mishikaki yake ni ukavu. Kwa hiyo karibu kila hatua katika maelezo yanayofuata, kuanzia kipande cha kuchagua hadi mahali pa kuweka jiko, inalenga kuhifadhi maji yaliyomo ndani ya nyama wakati nje inapata rangi na harufu nzuri ya makaa.

Maelezo haya yameandikwa kwa kuzingatia mpishi wa Mwanza, mwenye jiko la mkaa uani au kibarazani, anayeishi karibu na ziwa kiasi cha kulazimika kuufikiria upepo kabla ya kuwasha moto. Aliye mbali na ziwa anaweza kuyafuata vilevile, akapunguza tu yale yanayohusu upepo.

Kuku na sehemu zake

Sokoni mnunuzi hukutana na kuku wa aina tatu: kuku wa kisasa wa nyama, ambaye wengi humwita broila; kuku wa mayai aliyezeeka, anayeuzwa baada ya utagaji wake kupungua; na kuku wa kienyeji anayeletwa mjini kwenye matenga kutoka vijijini. Kwa mishikaki inayochomwa ikiwa mbichi juu ya makaa, chagua wa kwanza. Kuku wa kienyeji aliye mchanga bado, yaani mtetea ambaye hajaanza kutaga au jogoo ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuwika, anafaa pia na ladha yake ni nzito zaidi, ingawa nyama yake ni haba. Kuku wa mayai aliyezeeka na jogoo mkubwa wa kienyeji hawafai kabisa kwa njia hii, kwa sababu nyuzi zinazoshikanisha misuli yao zimekomaa na hulainika kwa kuchemshwa taratibu kwa muda mrefu. Ikiwa ndiye uliye naye, mchemshe kwanza kwa moto mdogo pamoja na tangawizi na chumvi mpaka uma uingie bila kusukumwa, mwache apoe, mtoe mifupa, kisha mtunge kwenye vijiti na umpitishe juu ya makaa kwa dakika chache ili apate rangi. Mishikaki ya namna hiyo ni mitamu, na supu inayobaki ni faida nyingine, lakini ni pishi tofauti na hili.

Kama kuku anachinjwa siku hiyohiyo, achinjwe asubuhi kwa ajili ya jioni. Baada ya kuchinjwa, misuli ya kuku hukakamaa kwa saa kadhaa kabla ya kulegea tena, na nyama iliyotolewa kwenye mifupa wakati bado imekakamaa, hasa ya kidari, hujikunja na kubaki ngumu hata ikichomwa kwa uangalifu mkubwa. Mwache kuku akiwa mzima, aliyekwisha kunyonyolewa na kutolewa matumbo, kwenye jokofu kwa muda usiopungua saa nne. Asiye na jokofu amfunge ndani ya mfuko safi wa chakula usiopitisha maji na kumzungushia barafu ya kutosha ndani ya ndoo yenye mfuniko, akiiongeza kila inapoyeyuka. Wengi hulaumu viungo kwa ugumu ambao chanzo chake ni haraka ya kutoka bandani hadi jikoni ndani ya saa moja.

Sehemu bora ya mishikaki ni paja. Paja lina mafuta kidogo yaliyojipenyeza katikati ya nyama pamoja na nyuzi zinazoyeyuka na kuwa ute linapoiva, na kwa hiyo linavumilia makosa ya moto: likizidishiwa dakika mbili bado linalika kwa raha. Kidari hakina uvumilivu huo, kwa maana kikipita kidogo tu kiwango cha kuiva, maji yake hutoka na nyama hugeuka nyuzinyuzi kavu. Anayenunua kuku mzima atapata sehemu zote mbili, na ushauri wangu ni kuzitunga kwenye vijiti tofauti, ili vijiti vya kidari viondolewe mapema. Kuzichanganya kwenye kijiti kimoja ni kukubali kwamba nusu ya mshikaki itakuwa imekauka wakati nusu nyingine inaiva.

Kuku mwenye uzito wa kilo moja na nusu baada ya kusafishwa hutoa takriban robo tatu ya kilo ya nyama isiyo na mfupa wala ngozi, ambayo ni mishikaki saba au minane ya kutosha watu wanne. Kutoa mfupa wa paja si kazi ngumu: laza paja likiwa limeelekeza upande wa ndani juu, pitisha ncha ya kisu kikali sambamba na mfupa kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kwangua nyama pande zote mbili mpaka mfupa uinuke, na umalize kwa kukata gegedu lililobaki kwenye kifundo. Ondoa ngozi, kwa sababu mafuta yake yakidondoka kwenye makaa huleta miali ya moto ambayo mpishi anayeanza hawezi kuidhibiti kwa urahisi. Mifupa na ngozi vihifadhiwe kwa ajili ya supu.

Kata nyama vipande vya takriban sentimita tatu kila upande. Usawa wa vipande ni muhimu kuliko ukubwa wake, maana kipande kidogo kitaungua huku kikubwa kikiwa bado kina ubichi katikati. Pale paja linapokuwa jembamba, likate kwa urefu zaidi na ukikunje kipande mara mbili wakati wa kukitunga, ili unene wake ulingane na wa vingine.

Kuna desturi ya kumwosha kuku chini ya bomba lenye nguvu. Maji yanayorukia huku na huku hubeba vijidudu, wakiwemo wa salmonela, mpaka kwenye vyombo na mboga zilizo jirani, ilhali vijidudu vilivyo kwenye nyama yenyewe vitakufa kwa moto. Kama ni lazima aoshwe, basi iwe ndani ya beseni, taratibu, na maji yamwagwe mbali na vyombo. Baada ya hapo ikaushe nyama kwa karatasi safi au kitambaa ambacho kitafuliwa mara moja kwa maji ya moto. Ukaushaji huu una faida nyingine, kwa kuwa nyama yenye majimaji juu yake hutoa mvuke kwanza na huchelewa kupata rangi.

Chumvi, maziwa mgando na viungo

Chumvi ndiyo kiungo kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote, na wengi huitia dakika za mwisho kana kwamba kazi yake ni ladha tu. Inapokaa kwenye nyama mbichi, chumvi huvuta maji kidogo kutoka ndani, ikayeyuka ndani ya maji hayo, kisha maji yenye chumvi hurudi taratibu kwenye nyama na kuzilegeza protini zake, ambazo baadaye, zikikutana na moto, hushikilia maji mengi zaidi kuliko ambavyo zingefanya bila chumvi. Kwa robo tatu ya kilo ya nyama, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi ya mezani, kisichorundikwa, kinatosha. Chumvi hii iingie angalau saa mbili kabla ya kuchoma, na saa nne au tano ni bora zaidi. Ikiwa muda ni mfupi, hata nusu saa inasaidia, mradi vipande vichanganywe vizuri kwa mkono.

Uchachu ni jambo la kushughulikiwa kwa tahadhari. Maji ya ndimu au siki yakikaa muda mrefu juu ya nyama ya kuku huifanya ipauke na kuwa ya ungaunga upande wa nje, kana kwamba imeiva nusu, na sehemu hiyo ikifika kwenye moto huachia maji yake haraka. Papai bichi ni kali zaidi. Utomvu wake una kimeng'enya kinachovunja protini, na kwa kuku wa kisasa nusu saa tu ya papai lililokunwa yaweza kuigeuza nyama kuwa laini kupita kiasi, ikakatika kwenye kijiti kabla haijaiva. Papai libaki kwenye ng'ombe. Kwa kuku wa nyama halina kazi.

Badala ya vitu hivyo, tumia maziwa mgando, ambayo katika kanda hii ya wafugaji hayakosekani. Uchachu wake ni wa pole, hushika viungo vikae juu ya nyama bila kudondoka, na sukari pamoja na protini zilizomo husaidia nyama kupata rangi ya kahawia mapema bila kuhitaji moto mkali. Chagua yaliyo mazito. Yakiwa mepesi, yachuje kwenye kitambaa safi kwa nusu saa. Vijiko vikubwa vinne vinatosha kwa kuku mmoja.

Changanya maziwa hayo na vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti au ya pamba, punje tano za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba vilivyotwangwa pamoja mpaka vikawa laini kabisa, kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba iliyosagwa, nusu kijiko cha pilipili manga, nusu kijiko cha manjano, na pilipili ya unga kwa kadiri ya walaji. Chumvi iliyotajwa huingia hapahapa. Kitunguu saumu kisibaki vipande, kwa sababu vipande vyake huungua mapema kuliko nyama na kuacha uchungu unaosambaa kwenye mshikaki mzima. Sukari, asali na sosi ya nyanya navyo huungua haraka, kwa hiyo anayevipenda avipake katika dakika mbili za mwisho wa kuchoma. Ndimu nusu ikamuliwe juu ya mishikaki baada ya kutoka motoni, ambapo harufu yake inasikika vizuri kuliko ingelowekwa tangu asubuhi.

Nyama iliyochanganywa ifunikwe na kuwekwa kwenye jokofu kwa saa mbili hadi sita. Isiachwe mezani katika joto la mchana. Ukitaka mchuzi wa kupaka wakati wa kuchoma, tenga vijiko viwili au vitatu vya mchanganyiko kabla nyama haijaingia, maana ule uliokaa na nyama mbichi haufai kupakwa juu ya nyama inayokaribia kuiva.

Vijiti na namna ya kutunga

Vijiti vya mwanzi viloweke kwenye maji kwa nusu saa ili visishike moto haraka. Hata hivyo, ncha zake zitaungua ikiwa makaa yapo chini yake moja kwa moja, kwa hiyo ni vizuri vilale kwa namna ambayo ncha zinatoka nje ya jiko. Vijiti vya chuma kisichoshika kutu hudumu miaka mingi na hupeleka joto katikati ya nyama, na kama vina umbo bapa, nyama haizunguki ovyo unapovigeuza. Kuna wanaotumia spoku za baiskeli. Sizishauri, kwa kuwa spoku nyingi za bei nafuu hupakwa zinki, na rangi hiyo ya madini haikukusudiwa kugusana na chakula wala kukaa juu ya makaa.

Tunga vipande vinne au vitano kwenye kila kijiti, vikigusana kwa wepesi bila kubanwa. Vikibanwa sana, pande zinazogusana hubaki mbichi. Vikiachana sana, kila kipande hupigwa na moto pande zote na kukauka. Pitisha kijiti katikati ya unene wa nyama, na usiache mikia inayoning'inia. Kwa vijiti vyembamba vya duara, kutumia viwili sambamba kwa kila mshikaki huzuia vipande kuzunguka.

Hoho na vitunguu vinavyotungwa katikati ya nyama hupendeza machoni, lakini vina muda wake wa kuiva na hutoa maji yanayozuia nyama iliyo jirani isipate rangi. Bora vitungwe kwenye kijiti chao. Maini ya kuku nayo yapewe kijiti chake, yachomwe kwa dakika chache na mwishoni kabisa. Firigisi ichemshwe mpaka ilainike kabla ya kutungwa.

Jiko, mkaa na upepo wa ziwa

Mkaa mzuri ni mzito mkononi na ukigonganishwa hutoa mlio mkavu wa juu. Mwepesi unaovunjika vumbi huwaka haraka na kuisha kabla ya nyama. Msimu wa mvua mkaa hunyonya unyevu na kurusha cheche, kwa hiyo uanikwe juani siku moja kabla. Mkaa mbadala unaotengenezwa kwa pumba za mpunga au mabaki mengine ya mimea hufaa pia na joto lake ni tulivu, ingawa huchelewa kushika na huacha majivu mengi.

Washa moto kwa vijiti vikavu, karatasi kavu au maranda. Mafuta ya taa huacha harufu inayoingia kwenye nyama iwapo mpishi ana haraka, na plastiki haifai kamwe, kwa sababu moshi wake una sumu. Vivyo hivyo mbao zenye rangi au dawa ya mchwa zisitumike. Jiko liwe nje au mahali penye hewa ya kutosha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa, na jiko lisiingizwe ndani hata baada ya kuchoma, wakati makaa yanaonekana kama yamelala.

Sasa upepo. Katika mwambao wa Ziwa Victoria, mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea mjini, ukizidi alasiri. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa na upepo hugeuka, ukielekea majini. Kati ya vipindi hivyo viwili, kwa kawaida mara baada ya jua kuzama, hewa hutulia kwa muda, na huo ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuchoma mishikaki. Anayechoma saa kumi alasiri, hasa kwenye nyumba zilizo juu ya vilima vya Bugando au Igogo, au kando ya maji kule Nyegezi na Capri Point, atakuta upande mmoja wa jiko unawaka kwa nguvu huku mwingine umepoa, na majivu yakirukia nyama.

Upepo huo hauzuiwi kabisa, ila huelekezwa. Weka kizuizi cha bati au tofali upande unakotoka upepo, umbali wa hatua moja hivi kutoka kwenye jiko, na kiwe kirefu kulipita. Kisha angalia mlango mdogo ulio chini ya jiko. Ukiuelekeza kwenye upepo, hewa huingia kwa wingi na makaa huwa makali, jambo linalofaa wakati wa kuwasha. Makaa yakishashika, geuza jiko ili mlango utazame kule upepo unakokwenda, au ufunike nusu kwa kipande cha bati. Hivyo ndivyo unavyopunguza moto bila kuondoa hata kaa moja. Nimeona wapishi wengi wenye mkono mzuri wa viungo wakipepea jiko muda wote hata pale ambapo ziwa linawapepea tayari, na matokeo yake huwa nyama nyeusi nje na mbichi ndani.

Kwa kuwa nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa katikati ya mawe makubwa, kuna tahadhari moja ya hapa kwetu: usimwage makaa wala kuwasha moto moja kwa moja juu ya mwamba. Mawe ya matale yakipata joto kali hupasuka magamba, na vipande vyake vyaweza kuruka. Jiko lisimame kwa miguu yake juu ya udongo au sakafu tambarare.

Jambo jingine la hapa ni wavu. Nyumba nyingi zina wavu mmoja unaotumika kuchomea sato na sangara, na mafuta ya samaki yaliyoganda juu yake huhamia kwenye kuku mara moja. Uchome wavu mtupu juu ya makaa makali kwa dakika tano, usugue kwa brashi ya waya au steelwool, ufute mabaki yote ya nyaya, kisha uupake mafuta kidogo kwa kitambaa. Njia iliyo bora ni kuacha wavu kabisa na kulaza mishikaki ikiegemea kingo za jiko refu la bati, nyama ikining'inia juu ya makaa bila kugusa chuma. Kwenye jiko la duara, kingo zake hushika vijiti vyenye urefu wa kutosha kwa namna hiyohiyo.

Subiri makaa yafunikwe na majivu membamba ya kijivu, jambo linalochukua takriban dakika ishirini hadi thelathini. Yasogeze ili theluthi mbili za jiko ziwe na makaa na theluthi moja ibaki na machache sana. Sehemu hii yenye moto hafifu ndiyo kimbilio la mishikaki inayoiva mapema au inayoshikwa na miali. Kati ya makaa na nyama pawe na umbali wa takriban sentimita kumi. Kupima joto, weka kiganja mahali nyama itakapokuwa: ukiweza kuvumilia sekunde nne au tano kabla ya kulazimika kukiondoa, moto ni sawa kwa kuku. Ukiondoa mkono baada ya sekunde mbili, subiri.

Kuchoma

Panga mishikaki juu ya makaa kwa nafasi ndogo kati yake, uiache dakika mbili bila kuigusa ili upande wa chini ukaze, kisha anza kuigeuza kila baada ya dakika moja au zaidi kidogo. Kugeuza mara kwa mara huivisha nyama kwa usawa na kuzuia upande mmoja usichukue joto lote. Baada ya dakika sita hivi, paka mafuta kidogo au ule mchuzi uliotengwa, ukitumia brashi safi. Usipake mengi, maana kinachodondoka ndicho kinacholeta miali. Ikitokea miali, sogeza mishikaki kwenye upande wa moto hafifu kwa nusu dakika mpaka izimike. Kunyunyizia maji hupandisha majivu yakaganda juu ya nyama.

Mishikaki ya kidari huchukua takriban dakika nane hadi kumi, na ya paja kumi na mbili hadi kumi na tano, lakini dakika hizi ni mwongozo tu, kwani kila jiko na kila jioni ina upepo wake. Aliye na kipimajoto cha nyama achome ncha yake katikati ya kipande kinene kuliko vyote: nyuzi joto 74 ni kiwango ambacho kuku yu salama kuliwa, na paja huwa tamu zaidi likifikia 80 hivi. Asiye nacho akate kipande kinene katikati. Nyama isiwe na sehemu yoyote yenye mng'aro wa ubichi, nyuzi zake ziachane kwa urahisi, na maji yanayotoka yawe maangavu. Kukata kipande kimoja ili kuona ndani si aibu kwa mpishi. Ni afadhali mara elfu kuliko kukisia, maana kuku mbichi hudhuru.

Mishikaki iliyoiva iwekwe kwenye sinia safi, kamwe isirudi kwenye sinia lililobeba nyama mbichi, na ikae dakika tatu bila kufunikwa kwa nguvu ili maji yaliyokimbilia katikati yasambae tena. Hapo ndipo ndimu hukamuliwa. Ambao wanachoma karibu na maji wafahamu kwamba baadhi ya jioni wadudu wadogo wa ziwani huja kwa makundi makubwa wakifuata mwanga. Taa itundikwe mbali na jiko, na sinia lifunikwe kwa kawa au kitambaa chepesi.

Vya kulia pamoja

Kachumbari ya nyanya, kitunguu na pilipili ikatwe kabla kuku mbichi hajaguswa, kwenye ubao tofauti, na mboga zake zioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa. Ndizi mbichi za kuchoma hukaa vizuri kwenye makaa hayohayo nyama ikishatoka, na viazi vitamu pia, vikifukiwa pembezoni tangu moto ulipowashwa.

Kwa mchuzi wa ukwaju, loweka kiganja kimoja cha ukwaju katika kikombe cha maji ya moto kwa robo saa, ufinyange kwa mkono, uchuje, kisha uchemshe kwa dakika tano pamoja na chumvi, sukari kijiko kimoja cha chai na pilipili iliyotwangwa. Mchuzi huu unafaa kuku wa kuchoma kuliko sosi ya nyanya ya chupa, kwa sababu uchachu wake hukata mafuta bila kuficha ladha ya nyama.

Mishikaki iliyobaki ipelekwe kwenye jokofu ndani ya saa mbili, ikiwa imetolewa kwenye vijiti, na iliwe ndani ya siku mbili au tatu. Kuirudisha juu ya makaa huikausha, kwa hiyo ipashe moto ndani ya sufuria yenye mfuniko, pamoja na vijiko viwili au vitatu vya supu iliyopikwa kwa mifupa ya kuku huyohuyo, mpaka itoe mvuke kote. Makaa yaliyobaki yazimwe kwa mchanga au kwa kufunika jiko, yapoe usiku kucha, na asubuhi yale ambayo hayajateketea yarudi kwenye gunia la mkaa.